Vilima vya Shimba na Vivutio Vinavyovizunguka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mgeni akishuka Ukunda macho yake huenda moja kwa moja baharini. Wachache hugeuka nyuma, na wanaogeuka huona ule mstari wa kijani kibichi uliolala juu ya minazi, mara nyingi ukiwa na wingu lake peke yake. Hivyo ndivyo Vilima vya Shimba, Kaunti ya Kwale, Pwani ya Kenya. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo jamaa, wageni na wenyeji wa Mombasa wasiowahi kupanda huko huyarudia kila mara. Kila jibu linajitosheleza. Panapogusana na jingine nimetaja namba ya swali ili nisirudie maneno.

## Kilima chenyewe

1. Shimba ni kilima kimoja au vilima vingi?

Si kilima cha kupanda ukafika kileleni ukapiga picha ukashuka. Ni uwanda ulioinuka. Ukingo wake wa mashariki unapanda kwa ghafla kutoka ukanda wa minazi na mikorosho, na ukishafika juu unakuta ardhi ya mawimbi mawimbi: msitu, kisha nyika ya nyasi, kisha msitu tena, na mabonde yenye vijito katikati. Sehemu za chini ziko kama mita 120 juu ya usawa wa bahari, na za juu hufika kama mita 450. Kwa mtu wa Taita hicho ni kichuguu. Kwa mtu wa Likoni ndio mlima.

Mwamba wake si matumbawe kama ya Diani. Ni mawe ya mchanga ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200. Mawe haya hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole kwenye chemchemi, na jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika: chemchemi za Marere, zilizomo humo msituni, ni mojawapo ya vyanzo vinavyoipatia Mombasa maji ya mfereji. Kwa hiyo hata asiyewahi kufika Shimba huenda amewahi kuinywa.

2. Iko mbali gani?

Kutoka Mombasa ni kama kilomita 33 kuelekea kusini magharibi. Kutoka Diani au Ukunda ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Mji wa Kwale, makao makuu ya kaunti, umekaa juu ya kilima chenyewe, na lango kuu la hifadhi liko mbele kidogo ya mji ukifuata barabara ya Kinango.

3. Kwa nini huko juu kuna ubaridi na ukungu ilhali Ukunda jua linachoma?

Upepo wa baharini ukifika kwenye ukingo wa kilima hauna pa kupita ila kupanda. Ukipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka wingu, ukungu au manyunyu. Ndiyo maana asubuhi unaweza kuondoka Diani ukiwa na fulana tu, ukafika Kwale ukatamani shuka. Ukungu kwa kawaida hutoweka jua likipanda. Ukivuka upande wa pili, kuelekea Kinango, mambo hubadilika: mvua hupungua, nyasi hukauka, mibuyu huanza kuonekana. Ndani ya kilomita chache umetoka kwenye msitu wa mvua ukaingia nyika kavu, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu apande.

4. Ni mbuga, hifadhi au msitu?

Yote kwa namna yake. Ulianza kutangazwa msitu wa serikali mwaka 1903, kisha mwaka 1968 sehemu kubwa ikafanywa hifadhi ya taifa. Leo inasimamiwa na KWS, Shirika la Huduma za Wanyamapori, pamoja na wenzao wa misitu. Ni miongoni mwa mabaki makubwa ya msitu wa pwani Afrika Mashariki, msitu ambao zamani ulienea mkanda mrefu na sasa umebaki vipande. Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, ni ndugu yake.

5. Msimu upi ni mzuri?

Inategemea unatafuta nini. Kiangazi cha Januari hadi Machi, na miezi ya Julai hadi Septemba, barabara za ndani hupitika vizuri na wanyama huonekana kwa urahisi kwenye nyasi fupi. Masika, Aprili hadi Juni, njia huteleza na magari hukwama (swali la 22), lakini maporomoko hujaa na msitu hunukia. Vuli, Oktoba hadi Desemba, iko katikati. Nikiulizwa mimi, nachagua mwisho wa Julai: mvua imekwisha lakini kijani bado hakijachoka.

## Kufika na kuingia

6. Sina gari. Nitafika?

Utafika Kwale bila shida. Utakachokosa ni namna ya kuzunguka ndani. Matatu za Kwale hupakia Likoni, upande wa pili wa feri. Ukitokea Ukunda, panda ya kuelekea Likoni ushuke Kombani, kisha ushike nyingine ya kupanda Kwale. Kutoka mjini Kwale bodaboda itakufikisha langoni.

Hapo ndipo watu wengi hukwama. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kutembea peke yako, kwa sababu kuna ndovu na nyati, na bodaboda si chombo cha kuingilia porini. Njia nafuu ni kuungana watu wanne au watano, mkakodi gari kwa siku nzima kutoka Ukunda au Kwale na kugawana gharama. Mpatane bei kabla ya kuondoka, na mhakikishe dereva ameelewa kwamba ni siku nzima, si "twende turudi". Niliwahi kusahau kumweleza dereva hilo, akanipigia honi kuanzia saa sita mchana kama anayeita abiria.

7. Nipite feri ya Likoni au Dongo Kundu?

Ukiwa kisiwani Mombasa na huna gari, feri: wanaotembea kwa miguu hawalipi, na matatu ziko hapo hapo. Ukiwa na gari na unatokea upande wa Miritini, uwanja wa ndege au barabara ya Nairobi, pita Dongo Kundu. Barabara ile na madaraja yake imewaokoa watu wengi na foleni ya Likoni, ambayo asubuhi na jioni huweza kukumalizia saa zile zile za kuona wanyama.

8. Kiingilio ni pesa ngapi, na hulipwa vipi?

Viwango hubadilika, kwa hiyo siandiki tarakimu hapa zikaja kukudanganya. Angalia kwenye ukurasa wa malipo wa KWS ndani ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, siku unayopanga kwenda. La kujua ni kwamba raia, wageni wakazi na wageni wasio wakazi hulipa viwango tofauti, watoto hulipa pungufu, na gari hulipiwa peke yake. Beba kitambulisho au pasipoti, maana bila hicho utahesabiwa kwenye kiwango cha juu na hutakuwa na la kusema.

Pesa taslimu hazipokelewi langoni. Lipa kwa simu au kadi, na ikiwezekana lipa ukiwa bado Kwale mjini au hotelini. Mtandao wa langoni ukigoma utakaa kwenye kivuli cha mwembe ukiwatazama wenzako wakipita.

9. Niingie saa ngapi, nikae muda gani?

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Anayeingia saa nne baada ya kifungua kinywa cha hoteli hupata msitu mzuri na wanyama waliokwisha kujificha. Ingia saa kumi na mbili na nusu. Mpaka saa nne umeona cha kuonekana, ndipo uende maporomokoni (swali la 14), upumzike, halafu jioni uende Mwaluganje (swali la 17). Nusu siku inatosha kwa kupita. Siku nzima ndiyo inayotosha kwa kuona.

10. Gari dogo linapita?

Hadi Kwale ni lami. Ndani ni barabara za udongo. Kiangazi gari dogo lenye dereva mvumilivu hupita njia kuu. Masika usijaribu bila gari lenye nguvu magurudumu yote manne. Muulize askari wa langoni njia ipi imeharibika wiki hiyo. Wao ndio wanaojua, kuliko ramani ya simu.

## Wanyama

11. Palahala ni mnyama gani, na kwa nini kila mtu wa Shimba anamtaja?

Kwa sababu Kenya nzima, hapa ndipo mahali pekee anapopatikana porini kwa asili. Kuvuka Tanzania na kuendelea kusini wako wengi, lakini kwa Kenya ni Shimba tu. Palahala ni swala mkubwa. Dume likikomaa huwa jeusi la kung'aa, tumbo jeupe, uso una mistari myeupe, na pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma kama jambia. Majike na ndama ni wa rangi ya hudhurungi, ndiyo maana mgeni huweza kupita kundi zima akidhani ni swala wa kawaida.

Wanasayansi wana jina la aina hii ya pwani linalotokana na Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani aliyekuja kuwinda Kenya mwaka 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Wenyeji walikuwa wakimwita palahala kabla ya meli yao kutia nanga, na wanaendelea.

Mtafute asubuhi mapema au jioni kwenye nyasi zilizo wazi, si ndani ya msitu. Zima injini. Akikuona kwanza hukutazama kwa muda, shingo juu kama anayekudai. Usimkimbilie kwa gari ili upate picha ya karibu: wamebaki wachache, na kundi likifukuzwa huacha ndama nyuma.

12. Ndovu nitawaona kweli?

Uwezekano ni mkubwa, ila si kama Amboseli ambako wanakusubiri uwandani. Shimba ni msitu, na ndovu msituni anaweza kuwa mita kumi kutoka barabarani ukamsikia tumbo likinguruma usimwone. Angalia kinyesi kibichi, matawi yaliyovunjwa usiku na matope kwenye magome ya miti kwa urefu usio wa binadamu.

Tatizo la Shimba halijawahi kuwa ukosefu wa ndovu. Ni wingi wao kwenye eneo dogo lililozungukwa na mashamba. Mwaka 2005 KWS ilihamisha ndovu 150 kutoka hapa hadi Tsavo Mashariki, safari ya kama kilomita 160, kwa malori. Ua wa umeme unaouona pembezoni haukuwekwa kwa ajili yako. Uliwekwa kwa ajili ya mahindi na mihogo ya watu wa upande wa pili, ambao ndovu akivuka usiku mmoja hula chakula chao cha msimu mzima. Mwenyeji wa Kwale akikwambia hampendi ndovu, msikilize kabla ya kumhubiria.

13. Wanyama wengine? Simba je?

Anayetaka simba aende Tsavo. Hapa kuna nyati, twiga, ngiri, nyani, kima, mbega, chui ambaye hutamwona, na komba ambaye usiku utamsikia akilia kama mtoto mchanga.

Lakini utajiri wa Shimba uko chini ya kimo cha goti na juu ya kichwa. Kuna chura mdogo wa matete, mweusi mwenye michirizi myekundu kama minyoo, ambaye hajulikani kupatikana mahali pengine popote duniani ila vilima hivi. Juu ya miti yuko ndege aitwaye shorobo wa pwani, mwenye mabawa mekundu yanayoonekana anaporuka tu. Na kwenye miteremko kuna mitapo, mimea yenye sura ya mnazi mfupi uliozeeka, ya ukoo ulioishi tangu zama za dinosau. Wazee wa zamani walijua namna ya kuutoa sumu mtapo na kuula wakati wa njaa. Wewe hujui, kwa hiyo uache. Kama una darubini ya kutazamia ndege, hii ndiyo safari ya kuibeba.

## Maporomoko ya Sheldrick

14. Matembezi ya maporomokoni yakoje?

Ndiyo sehemu bora ya safari yote, na ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Unaacha gari kwenye kituo cha juu, chenye mandhari ya kutazamia ndovu, na askari mwenye bunduki anakuongoza kwa miguu kushuka msituni kama kilomita mbili. Panga na askari ukiwa langoni asubuhi, usisubiri kufika huko ukapiga makelele kumwita.

Njia huanza kwenye nyasi, huingia kwenye kivuli, halafu inateremka hadi usikie maji kabla ya kuyaona. Maporomoko yana urefu wa zaidi ya mita 20, yakidondokea kwenye kidimbwi kilichozungukwa na mawe na miti. Wakati wa kiangazi huwa utepe mwembamba, masika huwa ukuta.

Kushuka ni rahisi. Kurudi ndiko kunakokudai: unapanda ule ule mteremko, jua limeshapanda, na unyevu wa msitu unakunyima pumzi. Vaa viatu vyenye soli ya kushika. Niliwahi kwenda na kandambili kwa ujeuri wa mwenyeji, nikarudi na moja.

15. Naweza kuoga hapo chini?

Ndiyo, watu huoga kwenye kidimbwi, na maji ni baridi kuliko utakavyotarajia Pwani. Muulize askari kwanza, hasa baada ya mvua, maana mkondo huongezeka ghafla. Usisimame chini ya maji yanapodondokea: huja na vijiti na mawe. Sabuni iache nyumbani, maji hayo yana wenyewe huko chini.

16. Watoto na wazee wanaweza?

Mtoto wa miaka saba anayependa kutembea ataweza kuliko baba yake. Mtoto wa kubebwa atakuchosha wakati wa kupanda. Kwa mzee mwenye magoti mabovu au mtu mwenye shida ya moyo, abaki juu kwenye kituo cha kutazamia. Mandhari yake si ya kumliwaza tu, ni mazuri kwa haki yake, na mara nyingine ndovu hupita chini huko wakati wenzake wanahema njiani.

## Kuzunguka kilima

17. Mwaluganje ni sehemu ya Shimba?

Imepakana nayo upande wa kaskazini, na ndovu hupita kutoka moja hadi nyingine kwenye ushoroba wao, lakini wenyewe ni tofauti. Mwaluganje ni hifadhi ya jamii. Wakulima wa Kiduruma na Kidigo, waliokuwa wakilima kwenye njia ya ndovu na kuvuna hasara, walikubali kuiacha ardhi yao iwe ya wanyama ili walipwe kutokana na mapato ya wageni. Ilifunguliwa mwaka 1995. Kiingilio chake ni cha peke yake, si kile ulicholipia Shimba.

Sura yake pia ni nyingine: kavu zaidi, mibuyu mikubwa, miteremko ya mawe na mto chini bondeni ambako ndovu, mara nyingi madume, hushuka kunywa jioni. Wenyeji wamewahi kutengeneza karatasi na kadi kwa kinyesi cha ndovu, kwa kuwa chakula cha ndovu hakisagiki chote tumboni, nyuzi hutoka nzima. Ukizikuta kadi hizo nunua. Watu wa hapa wametoa shamba, na mapato ya wageni si lolote ukilinganisha na shamba. Ukiwa na nafasi ya sehemu mbili tu katika safari hii, ya pili iwe hii.

18. Kaya ni nini, na naweza kuingia?

Kaya ni msitu uliokuwa boma la Wamijikenda zamani, makao yaliyofichwa katikati ya miti, na leo ni mahali patakatifu panapotunzwa na wazee. Zimetawanyika kwenye mkanda wa kama kilomita 200 wa Pwani, na mwaka 2008 baadhi yake ziliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nyingi si za kutembelewa, na mtu asiingie kwa sababu ameona njia.

Iliyo wazi kwa wageni ni Kaya Kinondo, pale Diani, na wenyeji ndio wanaokuongoza. Utafungwa kaniki nyeusi kiunoni. Hutachuma jani, hutaokota jiwe, hutakumbatiana na mwenzio humo ndani. Ukikutana na mzee, shikamoo kwanza, maswali baadaye. Mwongozaji ataeleza mti upi ni dawa ya nini, na pale asipoeleza usimbane. Kaya haina maelezo yote kwa kila mtu, ndiyo maana bado ipo.

19. Kuna nini kingine Diani mbali na ufuo?

Mbega weusi wenye mabega meupe, wanaoishi kwenye miti iliyobaki kati ya hoteli. Zamani waligongwa sana na magari barabarani. Tangu miaka ya 1990 kuna shirika la kuwahifadhi ambalo limetundika ngazi za kamba juu ya barabara, na ukisubiri kidogo utawaona wakivuka kama watu wa ofisini. Uko pia Msikiti wa Kongo, penye mdomo wa Mto Mwachema, wa mawe ya matumbawe, chini ya mibuyu. Bado unasaliwa, kwa hiyo si gofu la kupandia ukutani. Vaa kwa heshima na uombe ruhusa.

20. Gazi na Shimoni, niunganishe na Shimba siku moja?

Gazi ndiyo, ikiwa uliingia hifadhini mapema. Ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Ukunda, na kina njia ya mbao juu ya mikoko inayoendeshwa na akina mama. Kuna mradi unaoitwa Mikoko Pamoja: tangu mwaka 2013 wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza haki za kaboni, na fedha huenda kwenye shule na maji. Gazi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka mpaka kwenda upande wa Wajerumani.

Shimoni na Wasini, hapana. Zinataka siku yake. Mapango ya Shimoni yana kumbukumbu ya watumwa waliozuiliwa humo, na si mahali pa kupitia kwa dakika kumi. Kisiwani Wasini hakuna gari, kuna bustani ya matumbawe makavu ambayo wanawake wa kisiwa wamejenga njia ya mbao juu yake, na mbele ni hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, yenye pomboo na matumbawe hai. Mashua huondoka asubuhi. Ukitaka vyote kwa siku moja utarudi na picha za barabara.

21. Nitakula nini?

Ndani ya hifadhi beba chako. Kwale mjini asubuhi kuna mahamri na mbaazi za nazi, viazi karai, chai ya tangawizi, na mchana wali wa nazi na samaki. Msimu wake ukifika, kando ya barabara kuna machungwa, korosho na madafu. Ukiona pia maganda mekundu yenye miiba laini kwenye miti mifupi ya mashambani, hiyo ni bixa, mbegu ya rangi ya chakula, zao la siku nyingi la Kwale. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi mchana hufungwa au hufunga pazia. Fungasha chakula chako usiku, na usile hadharani mbele ya waliofunga.

## Mambo ya pembeni

22. Gari likikwama ndani?

Kaa ndani ya gari. Piga simu kwenye namba ya langoni, uliyoichukua wakati wa kuingia (ndiyo, ichukue). Mtandao hukatika mabondeni na hurudi ukiwa juu. Usishuke kukata matawi ya kuweka chini ya gurudumu bila kutazama pande zote, na kama kuna ndovu karibu, usishuke kabisa.

23. Ndovu akisimama barabarani?

Simama mbali, usipige honi, usiwashe taa za kumulika. Acha nafasi nyuma yako ya kurudi. Akitanua masikio na kuinua kichwa, rudi nyuma polepole. Majike wenye watoto ndio wa kuogopa zaidi. Kwa kawaida atakula, ataondoka, na wewe utakuwa umechelewa kwa sababu nzuri.

24. Mbung'o, mbu na kupe?

Mbung'o wapo, na wanapenda rangi ya samawati iliyokoza na nyeusi. Vaa khaki au kijivu, mikono mirefu. Malaria ipo Kwale mwaka mzima: chandarua usiku, na anayetoka mbali aulize daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Baada ya kutembea kwenye nyasi jikague kupe, hasa kiunoni na nyuma ya magoti.

25. Chupa za plastiki na droni?

Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi zote za Kenya tangu Juni 2020. Beba chupa ya kujaza tena. Mifuko ya plastiki ndiyo kabisa, nchi nzima tangu 2017. Droni hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege na cha KWS, na "nilikuwa sijui" haijawahi kumsaidia mtu langoni.

26. Naweza kulala huko juu?

Ndiyo. KWS ina maeneo ya kupiga kambi, na mjini Kwale kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida. Beba sweta na shuka nzito (swali la 3). Faida ya kulala Kwale ni kwamba uko langoni saa kumi na mbili, wakati wenzako wa Diani bado wanatafuta soksi.

27. Nikitoka jioni giza limeingia, niteremke Kombani kwa bodaboda?

Kwa pikipiki usiku, si ushauri wangu. Barabara ina kona, ukungu hushuka, na pembezoni mwa msitu mnyama anaweza kuvuka. Ngoja matatu, ziko hadi jioni, au mpigie dereva uliyemkodi asubuhi. Kama zimekwisha, lala Kwale.